Sikio Kabla ya Kalamu: Nyimbo, Ngano na Fantasia ya Ngũgĩ wa Thiong'o

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha ngano za mazimwi katika Kidato cha Tatu, kwenye shule moja viungani mwa mji wetu huu wa Eldoret. Ubaoni nilikuwa nimeshaandika fasili, sifa na umuhimu, kwa nambari kama ilivyo ada. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza iwapo Chemosit naye ni zimwi. Nikasema ndiyo, nikaliandika jina hilo kwenye mabano kando ya neno "zimwi", nikaendelea na umuhimu wa nne. Msichana hakuketi mara moja. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alitaka kutuimbia wimbo wa Chemosit. Kengele ikalia, nami nikafuta ubao.

Kwa msomaji asiye wa pande hizi, Chemosit ni kiumbe wa masimulizi ya Wanandi na jamii nyingine za Wakalenjin. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichotoka mwaka wa 1909, anamweleza kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na makalio tisa, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. La kuzingatia zaidi ni mbinu yake ya kuwinda. Huimba usiku karibu na makazi ya watu. Watoto wakiuona ule mwanga na kuusikia wimbo hudhani kuna ngoma, hutoka nyumbani, na huo ndio mwisho wao. Tazama basi: wimbo si pambo la ngano hiyo. Wimbo ndio chambo. Uondoe, na Chemosit hana namna ya kumpata mtoto, wala mtambaji hana namna ya kumpata msikilizaji wake.

Nimelirejelea tukio hilo kwa sababu ya swali ambalo watahiniwa wetu hulijibu vibaya: je, mapenzi ya utotoni kwa nyimbo na hadithi humjengaje mwandishi wa riwaya za kifantasia? Jibu nililolisahihisha mara nyingi ni hili: "Mwandishi alitambiwa ngano akiwa mtoto, ndiyo maana riwaya yake ina mazimwi." Jibu hilo si uongo. Hata hivyo, halielezi kitu. Watoto wangapi wa nchi hii walitambiwa ngano wakakua wakawa makarani na wahasibu? Na mbona mwandishi huyohuyo, aliyelelewa kwa ngano, aweze kuandika kwa miaka mingi riwaya zisizo na zimwi hata mmoja?

Mfano ninaouchagua ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru tarehe 5 Januari 1938 na kufariki nchini Marekani tarehe 28 Mei 2025. Najua wapo watakaouliza Ngũgĩ anatafuta nini katika jarida la fasihi ya Kiswahili. Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya aliyoitoa kwa Kigikuyu mwaka wa 1980, ilitafsiriwa kwa Kiswahili kuwa Shetani Msalabani mwaka wa 1982, na tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ikawa Nitaolewa Nikipenda. Kazi hizo ni sehemu ya maktaba yetu hata kama vumbi limezikalia. Isitoshe, ni nadra kwa mwandishi wa Afrika Mashariki kutuachia maelezo marefu ya jinsi masikio yake yalivyofunzwa. Ngũgĩ aliyaacha katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, na tena katika kumbukumbu zake za utotoni zilizotoka mwaka wa 2010.

Nyumba aliyokulia ilikuwa kubwa. Baba alikuwa na wake wanne na watoto wapatao ishirini na wanne. Jioni watoto hukusanyika penye moto, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja hushiriki. Siku ya pili hadithi hizo husimuliwa upya mashambani, watoto wakichuma pareto, majani chai au kahawa katika mashamba ya walowezi na ya matajiri Waafrika. Sungura ndiye aliyependwa kuliko wote, kiumbe mdogo mwenye hila dhidi ya wanyama wenye nguvu. Ngũgĩ anakumbuka kwamba hadithi ileile ilikuwa mpya ikitambwa na fundi, na ikawa baridi ikitambwa na mtu asiyejua kupandisha na kushusha sauti. Yaani mtoto alikuwa mhakiki kabla ya kujua kusoma. Walicheza pia kwa vitendawili, methali na maneno yaliyogeuzwa silabi, mengine yasiyo na maana yoyote ila mpangilio wake wa sauti ulipendeza. Kwake, lugha ilikuwa na muziki juu ya maana, na vyote viwili vilipokelewa pamoja.

Humo pia anamtaja dada yake wa kambo, Wabia, aliyekuwa na kipawa cha pekee cha kusimulia. Anaeleza vilevile jinsi alivyosoma Agano la Kale kwa Kigikuyu kama kitabu cha maajabu, pamoja na Daudi na kinubi chake. Lakini pale ninapotaka utulie, ewe mwalimu, ni anaposimulia kifungu fulani cha nathari katika kitabu cha kujifunzia kusoma. Alikisoma na kukirudia hadi akagundua jambo lililomshangaza: kumbe hata maandishi huweza kuwa na wimbo. Si shairi hilo, ni nathari tu. Naliona tukio hilo dogo kuwa kubwa kuliko hadithi zote za sungura. Ni hapo ambapo moto wa jioni na karatasi viligusana kwa mara ya kwanza.

Kisha vikatenganishwa. Ngũgĩ alianza shule Kamandura mwaka wa 1947, akaenda Manguo, iliyokuwa miongoni mwa shule huru za Wagikuyu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952, shule hizo zilitiwa chini ya mamlaka ya kikoloni na Kiingereza kikawa kipimo cha akili. Aliyesikika akisema Kigikuyu shuleni alichapwa viboko, au alivishwa kibati chenye maandishi ya kumwita mjinga au punda. Mtoto alikabidhiwa kifungo amkabidhi mwenziwe atakayemnasa akiisema lugha ya mama, na jioni mlolongo wote ukafichuliwa.

Tusimlaumu mkoloni peke yake na kujisahau. Nani kati yetu, tuliosoma au kufundisha katika mkoa huu, hajapata kuona kibao cha aina hiyo kikizunguka darasani, safari hii kwa sababu ya Kinandi, Kibukusu, Kigikuyu au hata Kiswahili chenyewe siku isiyokuwa ya Kiswahili? Niliwahi kukishika mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, na nilifurahi nilipompata wa kumpa.

Kutoka hapo alikwenda shule ya upili ya Alliance, na baadaye Makerere. Riwaya zake za kwanza zilitoka kwa Kiingereza: ya 1964, ya 1965, ya 1967, na ile kubwa ya 1977. Mtu mwenye haraka atasema kwamba katika kipindi hiki moto ulizimika kabisa. Sikubaliani naye. Ndani ya riwaya hizo zimo visasili vya uumbaji, zimo nyimbo za jando, zimo tabiri za wazee. Mzee Ngotho huwasimulia wanawe habari za Gikuyu na Mumbi katika Weep Not, Child. Ila angalia mahali ngano ilipowekwa. Mhusika anaketi, anasimulia, wengine wanamsikiliza, kisha anamaliza na riwaya inarejea katika mwendo wake wa kawaida, wa saa na kalenda. Ngano imekaribishwa kama mgeni. Imepewa kiti, imepewa chai, na jioni inasindikizwa hadi langoni.

Tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya, na ningependa mtahiniwa aishike. Kuna riwaya yenye ngano ndani yake, na kuna riwaya iliyomo ndani ya ngano. Katika ya kwanza ulimwengu ni wetu huu na ajabu inasimuliwa tu. Katika ya pili ajabu ndiyo sheria ya ulimwengu wenyewe, na sisi wasomaji ndio wageni. Ya pili ndiyo tunayoiita fantasia. Ngũgĩ hakuifikia hadi alipokaribia umri wa miaka arobaini.

Alifikaje? Jibu linapatikana Kamĩrĩĩthũ. Ukipanda matatu hapa Eldoret kwenda Nairobi, utapita Nakuru, uteremke na kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na kabla ya kufika jijini utakiona kibao cha Kamandura. Kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kiko huko Limuru. Mwaka wa 1977 Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda na wakazi wa hapo, wakulima na wafanyakazi, katika jukwaa la wazi lililojengwa na wanakijiji wenyewe, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Profesa huyu wa fasihi alifika na muswada. Wanakijiji wakausahihisha. Mzee hasemi hivi, walimwambia. Wimbo huu hauimbwi hivi. Gĩtiiro, ule ushairi wa majibizano unaoimbwa harusini, ulibidi upatikane kutoka kwa wanawake wazee wasiojua kusoma. Fikiria hali hiyo: msomi anayetajwa katika vyuo vya dunia, ameketi na kalamu, akiandika anachoimbiwa na nyanya.

Tamthilia ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, ikapigwa marufuku tarehe 16 Novemba. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978. Humo gerezani, juu ya karatasi za msalani, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya yake ya kwanza kwa lugha aliyotambiwa utotoni. Na ndiyo kazi yake ya kwanza ambamo ajabu inatawala.

Hebu tuifungue. Anayetusimulia si msimulizi wa kawaida wa riwaya. Ni mcheza gĩcaandĩ, yule msanii anayetikisa kibuyu chake akighani mafumbo. Mama yake Warĩĩnga ndiye anayemsihi asimulie. Kwa hivyo riwaya nzima imetiwa mkononi mwa mwanamuziki. Halafu kuna Gatuĩria, mtafiti wa chuo kikuu aliyesomea muziki ughaibuni, ambaye ndoto yake ni kutunga utungo mkubwa wa muziki kwa heshima ya taifa. Amekwama. Ana elimu, ana ala, hana wimbo. Anakwenda Bahati, karibu na Nakuru, kumtafuta mzee amsimulie ngano za kale. Mzee anampa hadithi: ya mtu aliyembeba zimwi mgongoni asiweze kumtua, ya msichana Nyanjirũ aliyewakataa wanaume wa kwao akaolewa na mgeni ambaye kumbe ni zimwi mla watu, na ya Nding'ũri aliyeuza roho yake apate mali. Pia anamkanya. Hadithi, kwa maoni ya mzee, hazigawanyiki kuwa za kale na za kisasa, na zile za mazimwi ni habari za binadamu.

Gatuĩria anarudi mezani kutunga, na hapo anakumbana na kizuizi ambacho kila mwandishi wa fantasia hukutana nacho. Haamini kwamba mazimwi yapo. Atatungaje wimbo wa kweli kuhusu kitu asichokiamini? Akiwa katika mashaka hayo anapata kadi ya mwaliko: karamu ya Shetani huko Ilmorog, yenye mashindano ya kuwachagua wezi na wanyang'anyi bingwa. Anakwenda na kuwaona. Wanajisifu mmoja baada ya mwingine kwa fahari kama mashujaa wanaojighani, huyu akieleza alivyochuma kwa kunyakua ardhi, yule akibuni njia ya kuwauzia maskini hewa ya kupumulia. Ndipo zimwi la ngano linapopata suti na gari. Naomba uone mantiki yake: fantasia hapa haikuzaliwa kwa kuikimbia hali halisi. Hali halisi yenyewe ilikuwa imekiuka mipaka ya uhalisia, na lugha pekee aliyokuwa nayo mwandishi kuipima ni ile ya jioni penye moto, ambako mla watu anaitwa mla watu.

Wahakiki wanaodai kwamba ngano katika riwaya hii ni "mapambo ya kifasihi simulizi" wangesoma tena ukurasa wa mwisho. Warĩĩnga anampiga risasi Mzee Tajiri wa Ngorika, ambaye ndiye baba yake Gatuĩria na ndiye aliyemharibia Warĩĩnga ujana wake. Anaondoka. Gatuĩria anabaki amesimama, hajui amfuate mpenzi au abaki na baba, na kichwani mwake unapita muziki usiompeleka popote. Ngũgĩ alikuwa mkali hapo, pengine dhidi ya nafsi yake ya zamani. Kuupenda muziki hakukumsaidia Gatuĩria kuchagua upande.

Riwaya ilipotoka mwaka wa 1980 ilirejea ilikotoka. Kwa maelezo ya Ngũgĩ, nakala 5,000 za kwanza zilimalizika katika muda wa mwezi mmoja hivi, na kufikia mwisho wa mwaka zilikuwa zimechapwa 15,000. Ilisomwa kwa sauti, majumbani, kwenye matatu, na katika mabaa ambako msomaji alinyamaza bilauri yake ilipokauka hadi wasikilizaji waijaze. Matigari ma Njirũũngi (1986) ilienda mbali zaidi. Msingi wake mmojawapo ni ngano ya mgonjwa anayemtafuta mzee Ndiiro, tabibu asiyemjua alipo. Kila anayekutana naye njiani, mgonjwa huyo humweleza sifa za Ndiiro kwa wimbo. Basi Matigari naye anazunguka nchi nzima akiuliza swali lake, na muundo wa safari pamoja na urudiaji ni ule wa ngano yenye kiitikio. Mapema mwaka wa 1987 ilisemekana polisi wametumwa kumtafuta Matigari, mtu wa kwenye kitabu, kwa kuwa watu walimzungumzia kama aliye hai. Walipogundua kosa lao, kitabu chenyewe kikakusanywa madukani. Mwandishi gani wa uhalisia aliwahi kusifiwa hivyo na serikali?

Mũrogi wa Kagogo, iliyoanza kutoka mwaka wa 2004, sitaikalia hapa kwa sababu ni ndefu mno. Itoshe kusema kwamba konstebo mmoja humo, A.G., ni mtambaji kamili anayeapia ukweli wake kwa Kiswahili kila anaposimulia ajabu, na mtawala wa Aburĩria anavimba mwili kama puto.

Je, ni Ngũgĩ peke yake? Kwa upande wa Kiswahili mtangulizi wake ni Shaaban Robert, ambaye hakuhitaji kutengana na lugha yake ili airudie. Adili na Nduguze (1952) imejengwa juu ya hekaya ya Alfu Lela u Lela kuhusu mtu na nduguze wawili waliogeuzwa wanyama. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, hadithi moja baada ya nyingine. Msomaji anayeijua Alfu Lela u Lela atamkumbuka Shahrazad, aliyejinusuru kwa hadithi mbele ya mfalme. Na mtunzi huyohuyo wa nchi inayoelea angani ndiye aliyeketi akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad (1958), maisha ya mwimbaji wa taarabu aliyesafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Sioni kuwa ni sadfa. Mwalimu anayeifundisha Kusadikika aisome kwa sauti, ukurasa mmoja tu, asikie sentensi zinavyopimana mizani.

Kwa mtahiniwa, basi: usiandike kwamba mwandishi alipenda ngano utotoni kisha uweke nukta. Mtahini hawezi kukupa alama kwa utoto wa mtu. Onyesha nani amepewa sauti ya kusimulia, wimbo unatokea wapi na unasababisha nini katika msuko, kisha ueleze kama ngano ni mgeni katika riwaya au ndiye mwenye nyumba.

Nami nilimrudia yule msichana, muhula uliofuata. Aliuimba wimbo wa Chemosit kwa Kinandi, polepole, kama alivyoupata kwa nyanya yake. Darasa lilikuwa na watoto wa jamii tano au sita, na zaidi ya nusu hawakuelewa neno. Walinyamaza vivyo hivyo. Niliwaambia waandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wimbo huo ukisikika leo. Wengi walimrudisha Chemosit msituni. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye insha zake hazikuwahi kuzidi nusu ukurasa, alimweka stendi ya matatu saa tatu usiku, mdomo ukiwaka kama taa ya gari, akiita abiria kwa wimbo. Hakumaliza. Aliniambia atamalizia nyumbani, kwa kuwa hajaamua bado ni nani atakayepanda.